Picha Zilizokatwa kwa Msumeno

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila kukuamkia ungeninunia.

Nakuandikia nikiwa nimelala chali, wodi ya wanawake, hapa Ifakara. Wiki moja baada ya kukuzika nilianguka na baiskeli yako njia ya Kiberege, gunia la mpunga likanilalia, paja likavunjika. Wamenifunga plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni. Sikai, sigeuki. Arobaini yako imepita, watu wamekula wali nyumbani, mimi natazama mbao za dari mpaka nimezichukia. Kukiwasha ndani ya plasta nalia tu, maana sipafikii. Mwanao amefungwa bila kesi, Mama.

Sasa nikwambie neno nililolimeza miaka yote. Sikukusamehe. Vita vya Kagera vilinikuta na miaka minane. Uliacha mabango ya maduka uliyokuwa ukiyachora, ukaniacha kwa Bibi, ukapanda treni kwenda kujitolea hospitali ya majeruhi. Hakuna aliyekulazimisha. Miezi saba! Uliporudi ukanisimulia kwamba mchana ulifua bandeji, na jioni uliwachorea askari kwenye plasta zao, kwa kijiti na ile dawa ya zambarau ya vidonda. Mmoja alitaka ng'ombe wa kwao, mwingine mlango wa nyumba ya mama yake. Nikauliza, "Picha ziko wapi?" Ukacheka. "Zimekatwa kwa msumeno, zikatupwa. Picha yangu ikitupwa, ujue mtu anatembea." Mimi nikasema hiyo kazi ya bure, nikaapa sitashika brashi yako. Kweli sikuishika, hata uliponiomba nikusaidie mikono ilipoanza kukutetemeka. Nisamehe.

Humu ndimo nilimowaelewa wale askari. Ukilala hivi siku nyingi, unaanza kusahau kwamba nje kupo.

Kitanda cha jirani yuko mama mmoja wa Namawala, naye amefungwa plasta mguuni. Juzi akaniambia, "Wewe si binti wa yule mama mchoraji? Hebu nichoree shamba langu, mwenzio nisije nikalisahau." Nikamjibu sijui kuchora. Akageukia ukutani. Yeye anaweza kugeuka.

Jana nilimwomba nesi kijiti na dawa ya zambarau. Akasema hiyo si ya kuchezea, halafu akaleta. Nikaanzia pajani kwangu, bila hata kuona vizuri. Nilitaka kukuchora wewe, Mama, ukatoka kama gunia lililovaa kilemba. Nilicheka mpaka nikaumia, kisha nikalia sana.

Leo asubuhi wamesogeza kitanda cha yule mama kikagusana na changu. Akanilazia mguu wake kifuani, nikamchorea jaruba la mpunga na kibanda cha kuamia ndege wasiule. Tangu hapo kila anayeingia wodini anaitwa aje aone.

Daktari anasema mfupa ukiunga vizuri, mwezi ujao watanikata plasta. Nilikuwa nimepanga kuomba kile kipande chenye wewe nikakitundike nyumbani, kwa sababu hukuniachia picha yako hata moja.

Sitakiomba. Wakitupe. Brashi zako nitazisafisha mwenyewe, na kaburini kwako nitakuja kwa miguu, hata kwa kuchechemea, uone.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Adelina