Mama Mkwe Alidhani ni Mtindi

Mpendwa Shangazi Millicent, naomba unisaidie, maana jambo hili linanifuata hadi wodini na sina mtu wa kumweleza asiyecheka.

Mimi ni muuguzi hapa Doha, nimeolewa na Augustine, mtu wa Kimilili, na tunaishi mtaa wa Najma. Mwezi wa sita tulimleta mama yake, Mama Milcah, aje atutembelee, kwa sababu ni mjane aliyemlea mume wangu peke yake na kila mara alisema anataka kuona mahali mwanawe anapolala. Nilifurahi, Shangazi, nakuapia. Lakini jua la huku wakati huo halimruhusu mtu kutoka nje, kwa hiyo alishinda ndani siku nzima akitazama televisheni ya Kiarabu asiyoielewa, na kila nikiingia jikoni alikuwa ananifuata na kuniuliza, "Nikusaidie nini, mama?" nami nikimjibu, "Keti tu Mama, upumzike, wewe ni mgeni." Kitu alichokipenda ni mtindi wa dukani, ule mzito wa kwenye kopo jeupe ambao hapa wanauita zabadi, alisema unamkumbusha maziwa ya kwao, na kila asubuhi alikula kwa kijiko kikubwa.

Sasa Ijumaa moja, maana huku ibada ni siku hiyo, nilialika wenzangu wa hospitali baada ya kanisa, kwa sababu rafiki yangu Cheryl alikuwa anahama, na Cheryl anapenda nyama ya ng'ombe ya kuoka iliwe na ile sosi nyeupe ya hosradishi. Huo ni mzizi, Shangazi, ukiuona utadhani ni mhogo mwembamba uliokonda, lakini ukali wake haukai ulimini kama wa pilipili, unapanda puani hadi utosini. Niliupata mtaa wa Al Sadd kwenye duka kubwa, nikaumenya, nikaukwaruza karibu na dirisha huku machozi yakinitiririka, nikatia siki na chumvi haraka kabla haujawa mchungu, kisha nikachanganya na krimu nzito, haradali kidogo na sukari kidogo, ikatoka laini kabisa, ikanipendeza, na kwa kuwa inataka ikae kwenye baridi ili ikolee, nikaitia kwenye kopo tupu la zabadi nikaiweka kwenye friji. Sikumwambia mtu. Sikufikiria.

Wageni wameketi, nyama iko mezani, Mama akaenda jikoni, tukamsikia akifungua friji. Halafu tukasikia kijiko kikianguka, na yeye akilia, "Uuwi! Nimeungua! Mmeniwekea nini?" Tukakimbia. Ameshika pua, amefumba macho, anapapasa bomba la maji, na unajua kiangazi maji ya bomba hapa hutoka ya moto kama ya chai, basi akajimwagia hayo usoni akapiga kelele tena. Cheryl akasema, "Jamani, amekula hosradishi!" akaangua kicheko, wengine wakafuata, na mimi, Shangazi, mimi nilicheka hadi nikashikilia mlango. Nilikuwa naelekea kwenye friji kuchukua maji baridi na bado nacheka. Augustine ndiye aliyemshika mama yake akampangusa kwa kanga yake.

Alipotulia alinitazama akasema polepole, "Kwangu mgeni akipaliwa, watu humpa maji. Sikujua huku huchekwa."

Akaingia chumbani. Nikagonga nikaeleza kwamba ni sosi tu, haina madhara, hata Wazungu wanaila, akanijibu, "Nimesikia." Kesho yake alimwomba Augustine ambadilishie tiketi, na wiki ile ile akaondoka, kabla ya siku zake kwisha. Pale uwanja wa ndege alinipa mkono kama mtu unayekutana naye kwenye mazishi ya jirani.

Tangu hapo nikipiga simu haipokei. Mwezi wa nane wifi yangu Nafula anaolewa huko Kimilili, na Mama amemwambia Augustine, "Njoo wewe. Mke wako abaki na sosi yake." Augustine anasema nimwache apoe, niende mwakani. Cheryl anasema nimtumie zawadi nzuri, mambo yaishe. Mimi usiku naona yale macho yaliyofumbwa na mkono ukitafuta bomba. Niende au nisiende?

Ni mimi,
Mkwe wa Najma

SHANGAZI ANAJIBU

Mkwe wa Najma, pole. Nakuamini kwamba hukukusudia, na kicheko kinaweza kumponyoka mtu yeyote. Haya, pole imetosha.

Unaniandikia kuhusu mzizi, siki na krimu kana kwamba kosa liko kwenye friji. Kopo lilikuwa bahati mbaya. Lakini mama wa watu alikuwa anaungua mbele ya watu asiowajua, katika nchi asiyoijua, na mwenyeji wake pale jikoni ulikuwa wewe. Ukacheka na wageni. Halafu ukagonga mlango ukaenda kumfundisha mambo ya Wazungu! Katika barua yako yote, dada, sijaona mahali ulipomwambia "nisamehe". Nimeisoma mara mbili nikitafuta.

Na jingine, ambalo hukuniuliza. Yule mama alikuomba kazi kila siku ukamkalisha kwenye kochi. Ulidhani ni heshima. Mwanamke aliyezoea kulima na kupika, ukimnyima hata kitunguu cha kumenya, unamwambia kwamba hapa hana nafasi. Mngekwaruza mzizi ule pamoja, mkalia machozi pamoja, angejua kilichomo ndani ya kopo na leo angekuwa anawasimulia wenzake kanisani huku akicheka mwenyewe.

Mume wako anakosea. Hasira ya mtu aliyeaibishwa haipoi kwa kuachwa, inakauka ikawa ngumu. Cheryl naye asikushauri tena katika jambo hili. Zawadi itaonekana kama unamlipa anyamaze.

Utakwenda. Omba likizo sasa, ufike Kimilili kabla wageni wa harusi hawajajaa, na Augustine asitangulie kukusemea. Ukifika, kabla hujakalishwa, mwambie: "Mama, ulikuwa unaumia na mimi nikacheka. Nilikosea. Nisamehe." Halafu ufunge mdomo. Usiseme "lakini". Usitaje sosi. Akiwa na la kusema, aseme lote, hata kama atasema mbele ya Nafula na majirani, kwani wewe pia ulimcheka mbele ya watu.

Kisha ingia pale wanawake wanapopika, uulize kazi. Ukipewa masufuria ya kusugua, sugua. Ukiambiwa keti, keti, na ujue sasa jinsi kiti hicho kinavyokalika.

Huenda akakukatalia mlangoni. Ana haki hiyo. Ikitokea, lala kwa jamaa yeyote aliye karibu, na asubuhi urudi kubisha tena.