Mama wa Lubarika Hakumpa Mtu Sumu

Kasenga, Uvira

Dada yangu Olive,

Pokea salamu za huku nyumbani, wewe na shemeji Frédéric na watoto. Mama anawasalimu, goti linamsumbua, lakini soko haachi. Huko Kalemie mmeamkaje? Kikohozi cha mdogo kimekwisha? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na nisipoandika nitagombana na kila mtu ninayekutana naye barabarani.

Najua habari imekwisha kuwafikia, tena imepotoka: eti mama mkwe wako, Mama Bernardine wa Lubarika, alimtilia rafiki yangu Hyacinthe karuho, sumu, ndani ya maziwa. Ni uongo mtupu! Soma mpaka mwisho, kisha umsomee shemeji, maana huyo ni mama yake mzazi.

Unaujua mchezo wetu. Kila Jumamosi Hyacinthe akishafunga cherehani zake, tunabeba darubini na daftari, tunapanda pikipiki kwenda uwanda wa Ruzizi kutazama ndege. Watu wanatucheka kwamba tunakimbiza ndege wasioliwa. Jumamosi ile, pale Lubarika, tuliona korongo wawili wakitua ng'ambo ya malisho. Hyacinthe alikuwa amevaa kaptura, nyasi zinafika magotini, na ng'ombe walikuwa wamepita humo asubuhi. Mama Bernardine akatuona, akapaza sauti: "Weye Luc, musipite humo! Humo iko kupe mingi. Muzunguke njia ya mihogo!" Hyacinthe alitaka kuzunguka. Mimi nikamwambia korongo hawatatungoja. Tukapita.

Tuliporudi alitukaribisha kwenye kibanda chake cha sabuni na chumvi, akatupa maziwa ya kuganda, akatuhimiza tujikague miguu. Tulimshukuru, tukaenda zetu.

Siku ya sita Hyacinthe alishikwa na homa, kichwa kinampasuka, matezi ya kinena yamevimba. Muuza dawa mmoja wa mtaani akampa vidonge vya malaria bila kumpima. Alipopimwa, malaria haikuonekana. Kisha mke wake Fanny, akimwogesha, akaona nyuma ya goti kidonda kidogo, cheusi katikati kama kimechomwa kwa sigara. Hapo ndugu wa mume wakajaa nyumbani, na neno karuho likaanza kutembea. Kuna aliyeuliza mgonjwa alipita wapi? Hakuna! Wote waliuliza amekula kwa nani.

Kesho yake vijana wa ukoo wakapanda pikipiki tatu mpaka Lubarika. Wakakibomoa kile kibanda, wakamwaga chumvi matopeni, wakamwamuru mjane wa miaka sitini na nne ahame. Na majirani waliokunywa maziwa yake miaka yote walisimama wakitazama! Yeye alisema mara moja tu, "Minye siko mulozi," akajifunga kitenge, akatembea mpaka barabara kubwa. Sasa yuko Kilibula, kwa wifi yako Josée.

Siku ileile Hyacinthe alipelekwa kwa munganga Agnès wa kituo cha afya. Huyo alikiangalia kidonda dakika moja tu, akauliza kama mgonjwa alipita penye ng'ombe. Akasema ni homa ya kupe: kupe anauma bila kusikika, anashiba, anadondoka, na mtu hajui kitu. Akampa doksisiklini. Siku ya tatu Hyacinthe alikuwa anakula ugali. Unafikiri waliona haya? Sasa wanasema sumu ilikuwa dhaifu! Anko yake anasimulia kanisani kwamba maombi yake yamemshinda mulozi. Mtu amepona kwa vidonge, na mama wa watu bado anatukanwa.

Lakini, dada, kila ninapowalaumu najikumbuka mwenyewe. Jumamosi ile, nilipofika nyumbani, nilikuta kupe watatu kwenye soksi zangu. Niliwaponda kwa jiwe. Sikumpigia Hyacinthe simu ajikague, kwa sababu niliona aibu: mimi ndiye niliyempitisha kwenye zile nyasi. Halafu Fanny aliponiuliza, mbele ya ukoo wote, kwa nini mume wake anaumwa na mimi sina kitu, nilijibu kwamba mimi sikunywa yale maziwa.

Nilikunywa, dada. Tulikunywa kikombe kimoja, nikaomba kingine. Jibu langu ndilo lililowapandisha vijana pikipiki.

Jumatatu nilirudi kwa Fanny, nikasema yote mbele ya walewale. Anko akanifukuza. Hyacinthe aligeuka akatazama ukuta, na mpaka leo hajanipigia. Jana nikaenda Kilibula, nikapiga magoti mbele ya Mama Bernardine. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alisema hatarudi Lubarika mpaka waliobomoa waje wenyewe kujenga, mchana, watu wakiwaona, na mimi niwe mbele yao. Akasema pia mwanawe asiambiwe haya kwa simu, maana simu mtu anaweza kuikata. "Andika na mukono yako," akaniambia, "na usifupishe."

Nimeandika. Vijana wawili wamekubali kuja Jumamosi. Wengine wanatukana bado. Hata wakibaki hao wawili, tutaenda kukata miti ya kibanda.

Shemeji akikasirika, usinitetee. Wabusu watoto, na Mungu awalinde katika nyumba yenu.

Ni mimi, mdogo wako,
Luc