Furukombe wa Juu ya Paa la Mama Zawadi

Rubona, Gisenyi

Kwako dada yangu Mwajuma,

Salamu zangu zikukute umekaa, usiwe umesimama, maana barua hii ni ya kusikilizwa kwa kituo. Mguu wa mama unaendeleaje, bado unavimba jioni? Na kifua chako? Mimi ni mzima, chakula kinapita, nyavu nashona, na hapa bandarini hakuna anayenifikia kwa kufunga fundo. Wenye mitumbwi wananingoja kama wanavyomngoja daktari. Hilo ni kweli, na mbele utaona kwa nini nimelitaja kuwa ni kweli.

Utashangaa sikupiga simu. Kwenye simu mdomo wangu unatangulia, wewe unanijua. Kwenye karatasi mkono ni wa darasa la tano, unaenda polepole, na uongo unachoka njiani.

Dada, nilikuambia nimepata kazi kwa watu wa ndege. Mama mmoja kutoka Kigali, jina lake Solange, yuko kwenye chama cha kulinda ndege wanaokula nyama: mwewe, tai, bundi na wenzao. Alikuja ufukweni akauliza nani anawajua. Nikasema mimi, kwetu Kigoma tai wananiita kwa jina. Akanipa simu yenye programu. Unampiga ndege picha, programu inakutajia ni ndege gani. Halafu unaandika wangapi, unabonyeza, na simu yenyewe inaweka alama kwenye ramani. Kama huna picha, inakubali neno lako. Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Kazi yangu ilikuwa kutembea kila Jumamosi kutoka bandarini hadi kwenye chemchemi ya maji ya moto, nihesabu. Jumamosi ya kwanza nilitembea kweli. Na niliona, dada, wallahi niliona: furukombe wawili, wale tai wala samaki, dume na jike, kwenye mti mkavu unaoinamia ziwa, kichwa na kifua vyeupe kama kanzu ya Idi. Na kiotani makinda mawili yamenyoosha shingo. Furaha ilinizidi nikasahau simu ni ya nini. Nikakimbia mpaka kwa Mama Zawadi, mwenye mgahawa wa chai, niwasimulie watu kwanza. Nilipomaliza kusimulia ndipo nikaandika: wakubwa wawili, makinda mawili. Solange alifurahi, akaniita mzee wa furukombe mbele ya watu.

Jina hilo likanilevya. Jumamosi ya pili ilinyesha. Nikakaa kwa Mama Zawadi na chapati zangu, watu wamenizunguka wanataka habari, nikaandika: wanne. Jumamosi ya tatu haikunyesha, nikakaa vilevile, nikaandika: sita. Ndizo siku nilizokuletea ile barua ya tai aliyebeba mbuzi.

Kumbe siku hizohizo mfuga kuku mmoja huko mlimani, amechoka kunyakuliwa vifaranga, alikuwa anatupa matumbo ya samaki yaliyotiwa sumu. Mwewe wakaanza kuanguka mashambani. Kama ningetembea ningewaona, ningeandika, na Solange angekuja siku ileile. Ndiyo kazi ya ile programu. Badala yake alikuwa anasoma kwamba Rubona ni shwari na ndege wanaongezeka.

Wanawake wanaoanika sambaza, yaani dagaa wa huku, ndio waliomwokota furukombe jike, amekufa. Mmoja wao alimleta akamlaza kwenye meza ya Mama Zawadi, mbele ya kikombe changu.

"We mutu ya Kigoma," akasema, "si ulisema iko sita? Huyu ni wa ngapi?"

Nilimwinua. Ndege mkubwa vile, dada, na alikuwa mwepesi kuliko kuku wa mama.

Solange alifika kesho yake. Hakupaza sauti. Alifungua ramani akanigeuzia simu. Mimi nilidhani alama inakwenda aliko ndege. Kumbe inawekwa pale anapokaa mwandishi. Furukombe wangu wote, wa Jumamosi zote, walikuwa wamerundikana juu ya paa la mgahawa.

Mama Zawadi alichungulia. "Bon, wageni wote hawa," akasema, "na mi sikuwapa hata chai."

Watu walicheka. Solange hakucheka.

"Mzee, nafuta yote uliyoandika."

"Futa. Lakini ya kwanza iache. Yale makinda niliyaona kwa macho yangu."

"Picha iko wapi?"

"Hakuna."

"Na alama yake iko hapahapa kwenye paa. Nitaitofautishaje na hizi nyingine?"

Akafuta. Tulipokwenda kwenye mti, kiota kilikuwa kitupu. Kama yaliruka au yalikufa njaa, hakuna ajuaye. Kwenye hesabu ya watu makinda yale hayakuwahi kuzaliwa, na shahidi wao alikuwa mimi peke yangu.

Alinyoosha mkono apokee simu yake. Nikamwomba. Nikamwambia dume amebaki, nani atamwangalia? Akaurudisha mkono. "Mwezi mmoja," akasema. "Kila ndege na picha yake. Na siku usipoona kitu, andika hakuna."

Maishani mwangu sijawahi kumwambia mtu kwamba sikuona kitu. Nimeandika hakuna Jumamosi tatu mfululizo. Yule mfuga kuku naye ameitwa na viongozi, ameacha sumu. Banda lake sasa lina wavu juu, na huo wavu nimeushona mimi.

Dada, najua mwanao Rehema huzisoma barua zangu barazani baada ya swala ya Ijumaa, na watu wanakuja na viti vyao. Hii nayo aisome mbele yao, asiruke mahali. Awaambie mbuzi hakuwa mbuzi, alikuwa samaki, tena wa kawaida. Yule nyoka niliyewasimulia, wa kwenye mtumbwi, mpunguzeni nusu. Ila kiboko aliyenifukuza mpaka mlangoni pa msikiti msimguse, mama alikuwepo.

Nisalimie mama, umpake mafuta mguuni kwa niaba yangu. Shemeji fundi seremala nisalimie, na Rehema msomaji wangu, na mwalimu wa madrasa aliyekuwa akinichapa kwa uongo. Mwambie alikuwa na haki.

Leo ni Jumamosi. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye jiwe, mti mkavu uko mbele yangu. Furukombe huita kwa zamu, mmoja akianza mwenzake anadakia. Dume amekuja sasa hivi. Ameita, akanyamaza kidogo, kama anayempa mtu nafasi. Halafu ameita tena.

Nimempiga picha. Imetoka na ukungu, na programu imeniuliza kama nina hakika. Nimebonyeza ndiyo. Ikauliza wangapi.

Nimeandika mmoja.

Ni mimi mdogo wako, mjomba wa Rehema,
Ramadhani