Lami Ilikauka Zamani

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, maana mimi nikiulizwa kitu na mtu mzima hukubali tu ili aniache, na hivyo ndivyo nilivyouharibu mtaa wetu.

Mwezi uliopita barabara yetu ilitiwa lami, na ilipokuwa bado mbichi watu walipita kandokando, wengine upande wa posta, wengine upande wa duka la dawa. Mimi nilikuwa huku posta, na rafiki yangu niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, tunamwita Redio kwa sababu hanyamazi, alikuwa ng'ambo akinipigia kelele, "Rusha kitabu changu, mwoga wewe!" nami nikamjibu, "Kikitua kwenye lami utakilamba mwenyewe!" tukacheka mpaka machozi. Nilipoinua mkono nirushe, mpiga picha wa gazeti alikuwa pale pale, na mwandishi aliyekuwa naye akaniinamia akauliza, "Siku hizi watu wa pande hizi mbili hawaivi, siyo?" Nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake picha ilijaa ukurasa wa kwanza, lami haionekani, mkono wangu uko juu kama nimeshika jiwe, mdomo wa Redio uko wazi, na kichwa cha habari kinasema MTAA WAGAWANYIKA KUELEKEA UCHAGUZI, na chini yake, "mwanafunzi mmoja alithibitisha." Kabla ya siku ile sikuwahi kusikia mtu akisema yeye ni wa upande gani. Sasa mgombea mmoja anahutubia posta, mwenzake duka la dawa, na kila siku gazeti linaandika kambi hii na kambi ile.

Lakini kinachoniogopesha ni kwamba lami ilikauka zamani na hakuna anayeikanyaga. Asubuhi watu hutembea kandokando, kimya, wakisimama wanasimama kama kwenye picha, na katikati ni patupu, hata mbwa wanapazunguka. Juzi nilimwuliza mama, ambaye ni fundi cherehani, mbona hanunui tena vifungo ng'ambo, akasema, "Mimi? Sijawahi kuvuka pale," na vifungo vya shati nililovaa alivinunua huko huko, nilikuwa naye. Redio amehama dawati. Akiniona hufungua mdomo vilevile kama kwenye picha, na hakitoki kitu. Na mimi nimeitazama picha ile mara nyingi mno, hata nikijaribu kukumbuka kicheko chetu sikisikii, na jana nilijikuta najiuliza, labda lilikuwa jiwe kweli. Nifanye nini?

Mwanafunzi, upande wa posta
(hata sahihi imetoka hivyo, samahani)

Marahaba, mwanangu.

Kwanza, usijikweze. Mwandishi yule alikuja na jibu lake mfukoni, akatafuta tu kichwa cha kuliitikia. Lakini kichwa alichokipata ni chako, na tangu hapo umekaa kimya ukiwaangalia watu wazima wakitengana. Kwa hilo nakugombeza. Kukubali uongo si adabu.

Kilikuwa kitabu. Nasema hivyo kwa sababu gazeti lililotoa picha ile ni hili hili unaloliandikia, na nimemfuata mpiga picha anionyeshe zote. Ziko kumi na moja. Katika kumi mnacheka, kitabu kinaonekana mkononi mwako, na lami inang'aa katikati yenu. Nilimwuliza mhariri kwa nini alichagua ile moja, akasema, "Hizo nyingine hazina habari." Nikamwomba atoe moja sasa. Akasema baada ya kura. Safu yangu haisomi, anadhani ni ya mapenzi tu.

Kesho, mchana kweupe, vuka barabara. Pita katikati. Tetemeka ukitaka, ila miguu iende. Mwite Redio mlangoni kwao, na usianze na siasa. Mwambie uliulizwa, ukaitikia, ukakosea. Akikufokea, pokea. Kisha andikeni barua moja kwa mhariri, mtaje siku lami ilipotiwa, mtie sahihi nyote.

Nakala za picha zote zimo kwenye bahasha hapa mapokezi. Nimemwagiza dada wa mapokezi asiikabidhi kwa mtu mmoja peke yake. Mje wawili.