Mlenda Mweupe wa Nyuma ya Jiko

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mkono umezoea kuanza hivyo. Nimechoka, Bibi. Nimefunga shule juzi, jembe likanipokea kabla ya uji. Tangu ututoke, shamba la Kwihara ni la mama na mimi tu, na karanga zote zinasubiri kung'olewa.

Unaukumbuka ule mlenda wa porini, kando ya njia ya zamani ya wapagazi? Mingine yote ilikuwa na maua ya zambarau, huo mmoja tu meupe. Ulisimama ghafla hadi kanga ikakuteleza begani. "Mke mwenzangu, mama yangu alikuwa akipika huu! Nilidhani umekwisha duniani." Ukaufunga uzi mwekundu watu wasiuchume, na ulipokauka tukarudi kuchukua mbegu. Ukazitia kwenye kopo la majani ya chai, ukanikabidhi mimi. Sijawahi kukabidhiwa kitu kikubwa hivyo.

Mvua zikaja, tukapanda kwenye uzio na nyuma ya jiko. Ukachanua zambarau. Wote.

"Umechanganya na za barabarani," ulisema.

Sikuchanganya, Bibi. Kopo sikulifungua hata siku moja. Lakini ulikuwa unanitazama, na shangazi naye pembeni anacheka, "Huyo akili zake zimebaki bweni!" Mimi nikitazamwa na watu wawili ulimi unakauka. Nikasema, "Ndiyo, nilichanganya." Nilitaka tu yaishe. Hata hukunigombeza. Ulisema "haya," ukaniagiza niing'oe yote, na tangu siku hiyo kopo likahamia chini ya kitanda chako.

Baadaye mwalimu wa baiolojia akachora maua ubaoni. Akasema kila mmea una jeni mbili za rangi, moja ya mama, moja ya baba. Ya zambarau ikiwepo, nyeupe inajificha, lakini haifi. Inakaa mle ndani, hata kizazi kipite, mpaka ikutane na nyeupe mwenzake. Nikaona kila kitu pale dawatini: mlenda wetu mmoja katikati ya zambarau tupu, na nyuki wakipita huku na kule na chavua miguuni. Mama mweupe, baba zambarau. Waliochanganya ni nyuki.

Likizo ya Desemba nilikuja nimeyapanga maneno. Lakini yalikuwa yamekaa kichwani kwa Kiingereza, na kila nikiyageuza nilijisikia kama ninayejitetea kwa kisomo. Ulikuwa unachambua mbegu za karanga. Ukauliza, "Mbona unanitazama?" Nikajibu, "Hamna, Bibi." Nikajiambia nitakueleza Pasaka.

Sasa ndiyo Pasaka.

Na kuna jingine. Siku ile niling'oa ya kwenye uzio tu. Jua lilikuwa kali, mgongo unauma, nikakudanganya kuwa nimemaliza. Goti lako lilikuwa halikufikishi tena nyuma ya jiko, nami nilijua. Ile mingine ikakauka, ikamwaga mbegu yenyewe.

Jana nilikwenda huko kumwaga majivu. Mwingi ni zambarau, Bibi. Lakini saba, nimehesabu mara mbili, saba ina maua meupe. Nilikaa chini palepale na ndoo yangu. Sikulia, nguvu hiyo sikuwa nayo.

Mama akaita, "We, umelala huko?" Alipokuja nikamwambia yote, kwa Kiswahili changu cha kubabaika, nikichora kwa kijiti kwenye majivu. Akauliza, "Sasa kwa nini ulikubali?"

Sijui, Bibi. Ungekuwepo, ningekwambia hivyo hivyo, kwamba sijui.

Nimeifunga yote saba uzi mwekundu. Kisha nikakata chandarua chako cha zamani, nikaivika vichwani nyuki wasiingie. Mama amenirudishia kopo. Mbegu zikikauka nitazichuma mwenyewe.

Lala salama. Safari hii sichanganyi, na ile safari pia sikuchanganya.

Mke mwenzako