Nyayo za Chokaa

Buguruni, Dar es Salaam
Jumapili, 12 Septemba 1954

Mdogo wangu Kokuberwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, kisha Tata na Mama, shikamoo zao uwafikishie ukiwa umepiga magoti kwa niaba yangu. Mmeamkaje huko Bukoba? Yule ndama aliyekuwa hali majani amepona? Mie huku mwili ni mzima. Roho ndiyo mgonjwa, na ugonjwa wake utaujua usipoichana barua hii kabla ya kufika mwisho.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniuliza kama ni kweli niliyomwandikia Tata, kwamba mchumba wako Theonest aliumia mgongo kwa ulevi na ubishi, maana Tata ameapa hataki mkwe mlevi na posa ataivunja sikukuu ya Watakatifu Wote. Umesema hukumgusia Theonest jambo hilo, ukangoja neno langu kwanza. Nitalijibu, ila niache nilalamike kidogo, maana nisipolalamika hutanielewa.

Zamani ulikuwa ukiniandikia kurasa tatu, na kahawa ya kutafuna ukinifungia kwa jani la mgomba. Tangu Theonest alipotoa posa na kuja kutafuta kazi huku, mie napata nusu ukurasa, yeye kurasa nne. Kifurushi kikubwa chake, kidogo changu! Na bahasha ni moja, kwa hiyo mie ndiye tarishi wenu. Juu ya hayo ukaniagiza nimtunze, eti huku mjini hana mtu ila mie. Mie nilipofika huku nilitunzwa na nani?

Nikamtunza, lakini. Nikampa nusu ya chumba changu, nikamtafutia ukuli kwenye ghala la Husseinali la ufuta na korosho, pale ninapofanya kazi ya karani wa mizani. Huyu Husseinali bado kijana na anapenda sana mambo ya nguvu. Nyuma ya ghala ameweka ekseli ya kigari cha mkonge na magurudumu yake, na kila Jumamosi mchana, kazi ikiisha, tunashindana kuinyanyua kutoka sakafuni hadi mapajani, mgongo unyooke. Kwa miaka mitatu hakuna aliyenishinda. Husseinali alifurahi hata siku moja akanisimamisha mbele ya chuma, akaizungushia miguu yangu chokaa, akasema kila mtu asimame pale pale anaposimama bingwa.

Sote tukaamini kwamba huko ndiko kunyanyua. Makuli wenye miili ya kila namna wakawa wanabana miguu yao ndani ya nyayo zangu, na mie nimekaa juu ya gunia natafuna kahawa, kichwa kimenivimba. Hakuna aliyeuliza mbona nyayo zile zinanifaa mie peke yangu. Unaujua mwili wangu, miguu mifupi na mikono mirefu. Mama alikuwa akinitania kwamba nitafunga viatu bila kuinama. Nikisimama miguu karibu karibu, chuma kimeshanifikia mkononi.

Theonest ni kinyume changu. Mapaja marefu, mikono mifupi. Ndani ya nyayo zangu magoti yake yalikisukuma chuma mbele, makalio yakapanda juu, mgongo ukalala kama meza. Alishindwa Jumamosi tano, na nisikufiche, nilifurahi kila Jumamosi.

Ya sita, akasema anajaribu namna yake. Akatoka nje ya chokaa, akatanua miguu, vidole vikatazama pembeni, akashuka na kukishika chuma mikono ikiwa kati ya magoti, kifua juu. Watu walicheka, mmoja akauliza kama anataka kutaga yai. Chuma kikapanda. Wakaongeza magurudumu mawili, ambayo mie sijawahi kuyaongeza maishani mwangu. Kikapanda tena! Vifijo vikalia, Husseinali akamkumbatia, hata mama yake, Bibi Kulsumbai, aliyetoka kuangalia kelele, akauliza jina la kijana yule. Miaka mitatu, mdogo wangu, na jina langu hajawahi kuliuliza.

Haki ya Mungu, niliona kijicho mpaka chakula kikanishinda. Jumatatu yake, wenzangu walipokwenda kula, nilibaki nikajaribu kutanua miguu kama yeye. Nyonga ziliniuma kama zinapasuliwa na chuma hakikutikisika. Nikarudi kwenye nyayo zangu, kikaja. Hapo nikajua kwa uhakika kwamba kila mwili una kisimamo chake, changu cha miguu karibu, chake cha miguu mbali, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Mtu mzima angekwenda kumpa mkono. Mie nilinuna siku nne.

Wiki ile ikaja barua ya Kiingereza kutoka Mombasa, ya masharti ya mashindano ya kunyanyua chuma huko, na Husseinali atampeleka mtu mmoja tu. Yeye alikuwa na safari ya Morogoro kununua ufuta, akaniachia niwasomee wenzangu kwa Kiswahili. Niliwasomea. Nikafika kwenye sharti kwamba mshindani asimame miguu karibu, na atakayetanua ataondolewa. Makuli wakaguna. Mmoja wao, Gaudens, akasema barua za Kiingereza zina maneno mengi ya kuchanganya, isomwe tena. Theonest akamkatiza, akasema shemeji ameshasoma, na shemeji yake hawezi kumdanganya.

Jumamosi akaingia ndani ya chokaa na mzigo ule ule mkubwa. Nilimwona anavyojikunja. Nilikuwa na nafasi ya kusema acha, nikanyamaza. Chuma kiliinuka kidogo tu, akatoa mlio ambao mpaka leo nausikia nikila, akaanguka juu ya magoti. Tulimbeba hospitali kwa mkokoteni. Daktari alisema alale juu ya mbao wiki sita. Atatembea, na kulima atalima, ila asiharakishwe.

Leo ni wiki ya nne. Yuko hapa chumbani, hatua mbili kutoka ninapoandika. Hawezi kuketi akaandika mwenyewe, kwa hiyo baada ya Misa ameniomba nikuandikie kwa niaba yake. Anasema hivi: kosa ni lake, alijivuna kwa nguvu zake, Tata asilaumiwe akikataa, kwani hakuna mzazi anayempa binti yake mtu asiye na mgongo wa kulima kibanja, na wewe uko huru, uolewe na mwenye mwili mzima. Aliyasema hayo akiwa amegeukia ukutani. Mie ndiye niliyetakiwa kuyaandika, na nimeyaandika kama alivyosema.

Sasa sikiliza yangu. Kwenye barua ya Mombasa sharti lile halimo. Kila mtu asimame apendavyo, ndivyo ilivyoandikwa. Nililitunga mie, nimesimama mbele za watu, karatasi mkononi. Na pombe Theonest hakuonja. Hiyo pia niliitunga, siku ya tatu baada ya ajali, kwa sababu niliogopa ukweli ukitoka, na kwa sababu nilitaka, Mungu anisamehe, barua zako zirudi kuwa zangu. Sina neno la kujitetea. Ni wivu tu.

Msomee Tata karatasi hizi zote, usiruke mstari, na umwambie aliyestahili kukataliwa ni mwanawe. Kama utamkataa Theonest, mkatae kwa jambo lake, si kwa uongo wangu. Jina langu limeshapelekwa Mombasa. Kesho Husseinali akifungua ghala nitamwambia alifute na kwa nini. Wasalimie majirani, hasa Mama Auleria, na ukiona vema kunijibu, nusu ukurasa unanitosha.

Theonest ameuliza kama nimemaliza. Anataka nimsomee kabla sijafunga bahasha, asikie kama maneno yake nimeyaweka sawasawa. Nimemwambia nimemaliza. Ninaweka kalamu chini na kuanza kumsomea, kuanzia Tumsifu mpaka jina langu.

Kaka yako,
Revelian