Bakuli la Bi Magreti

Baba Salma,

Wale watu wa mfuko wa madaktari wameniomba nikasimame kwenye ukumbi wao hapa Landani, nieleze historia ya mfuko kwa upande wetu sisi tuliosaidiwa. Wewe ungekataa kabla chai haijapoa. Mimi nimekubali, kisha nikaona nianze kukueleza wewe.

Historia yenyewe fupi. Zamani daktari mmoja alikufa akaacha watoto hawana kitu, wenzake wakaona aibu, wakachangishana. Mwanzo mabwana walikaa mezani wakibishana nani anastahili na nani hastahili. Wake zao wakachoka na maneno, wakaanza kwenda majumbani na chakula cha moto. Desturi ikabaki: anayekuja kukutembelea ni mtu ambaye naye aliwahi kutembelewa.

Ndivyo alivyotufikia Bi Magreti, mjane wa daktari, ulipoacha kazi yako ya udaktari kwa ule ugonjwa wa kutetemeka mikono. Alipanda ngazi za flati yetu ya Tottenham na bakuli la udongo, ndani samaki waliofunikwa viazi vya kuponda, hata pilipili manga hamna. Wewe ulijifungia chumbani. Alipoondoka ukaniambia, "Mrudishie. Sisi si maskini."

Nikamrudishia. Lakini bakuli la mtu halirudi tupu, mama yangu angefufuka anigombeze, basi nikalijaza visheti. Likarudi na keki. Nikalipeleka na sambusa. Huku nyuma nikatia saini mimi, mfuko ukatulipia kodi ya nyumba na masomo ya Salma, nawe ulijua ukanyamaza, mkaidi we. Mpaka siku moja nalifunga bakuli kitambaa, ukauliza kutoka kitandani nimetia nini. Nikakujibu vileja.

"Mtilie na kaimati," ukasema. "Anazipenda."

Kumbe siku zote Bi Magreti akija tukazungumza, ulikuwa ukitusikiliza. Nililia jikoni, kwa furaha, nikakaanga kaimati.

Bi Magreti amefariki mwaka huu. Binti yake akaniletea bakuli, tupu. Hana kosa, hakufundishwa. Ila nilipofunua kitambaa ndipo nilipojua kweli mwenzangu kafa.

Mfuko ukataka nishike nafasi yake. Nikasema siwezi, magoti mabovu, Kiingereza changu cha sokoni. Wakanambia yuko daktari mmoja huko Barking, binti wa Mombasa, anaumwa, kazi ameacha, ana watoto wadogo na mwenye nyumba anataka kuwatoa. Kila anayetumwa humfungia mlango, na asipokubali mwenyewe, mfuko hauwezi kumsaidia. Hapo nikakuona wewe na chumba chako.

Mkono mtupu haulambwi, basi nikapika pilau, nikaitia kwenye bakuli la Bi Magreti, nikapanda basi. Akafungua mlango kidogo tu. "Samahani mama, sisi hatuna shida."

"Sikuja kuuliza shida, mwanangu. Nakuachia bakuli. Ijumaa nitalifuata."

Sikulala vizuri wiki ile, nasema kweli. Niliogopa nitalikuta nje ya mlango, limeoshwa.

Ijumaa alinifungulia mwenyewe, akanikaribisha ndani. Bakuli lilikuwa mezani, limefunikwa, lina bajia. Tukazungumza mpaka watoto wakarudi kutoka skuli, na kabla sijaondoka akaniambia niwaambie wale watu wa mfuko waje.

Bajia zenyewe, Baba Salma, chumvi imezidi na katikati hazikuiva. Nimezila zote.

Mungu akulaze pema, bwana. Naenda kuliosha bakuli.

Mkeo,
Mama Salma